Gari ya oto inapiga teke ikibadili gia? Soma hii kabla hujakubali gia boksi ishushwe

Wakuu, naandika hii kwa sababu watu huku Kigoma wanaumia bure. Gari ya oto ikianza kushtuka ukiingiza D, au ikibadili gia inapiga teke kama umegongwa kwa nyuma, fundi anaizungusha mita mia tu halafu anakwambia gia boksi imekufa, agiza nyingine Dar. Na sisi wa mwisho wa reli tunajua kuagiza kulivyo, unalipa mzigo unalipa usafiri halafu unaletewa gia boksi iliyotumika ambayo hujui ilikotoka. Mimi niliambiwa hivyohivyo kwenye Toyota IST yangu, nikakataa, na kilichokuja kubadilishwa ni raba moja tu, gari imetulia mpaka leo.

Kabla ya kushika spana jua kwanza inashtuka saa ngapi. Ni ukiwa umesimama unatoa P kwenda D? Ni barabarani ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili? Ni asubuhi ikiwa ya baridi tu, au mpaka ipate moto, mfano ukipandisha toka stesheni kwenda Mwanga? Andika kwenye simu, maana majibu yake yanasaidia kutafuta kosa.

Anza na oili ya gia boksi, hapa usiwe na haraka. Endesha kama dakika 20 ipate moto, simama sehemu tambarare, injini ikiwa inaunguruma kanyaga breki na upitishe leva taratibu P, R, N, D mpaka L halafu urudi P. Sasa chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ya gia boksi, ifute, irudishe, chomoa tena usome. Kwa Toyota nyingi inatakiwa ikae kwenye alama za HOT. Watu wengi wanapima ikiwa imezimwa, wanaona imezidi au imepungua, kumbe wamekosea kupima. Ikiwa pungufu itashtuka na kuchelewa kushika, ikizidi inatengeneza povu na shida zinakuwa zilezile.

Halafu dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe. Ikiwa nyekundu safi, sawa. Kahawia maana yake imechoka. Nyeusi na inanuka kuungua kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, hapo klachi plate za ndani zimeanza kuliwa. Ukiona ya pinki imechanganyika kama maziwa, zima gari usiende nayo hata sokoni, maji yameingia, na mara nyingi yanapitia kwenye rejeta maana bomba la kupoozea oili linapita humo ndani. Ndio maana nawaambia watu waache kuweka maji ya bomba, wekeni kulanti, kutu inatoboa vitu msivyoviona.

Aina ya oili nayo sio ya kubahatisha. IST za kwanza zinatumia T-IV, nyingine WS, na Premio nyingi za 2007 kuendelea ni CVT (gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua) ambazo zina oili yao kabisa. Duka likikwambia haidroliki (ndio hiyo oili ya gia boksi) zote ni sawa, toka. Ukimwaga kwa nati ya chini inatoka kama lita 3 tu, nyingine inabaki ndani, kwa hiyo pima ulichotoa na urudishe kiasi kilekile, tembea siku kadhaa, rudia. Hakikisha umefungua nati ya gia boksi na sio ya injini, hili kosa linatokea sana jamani. Ukifungua sampu (bakuli la oili chini ya gia boksi) angalia sumaku iliyo ndani: matope laini ya kijivu ni kawaida, vipande vya chuma sio kawaida.

Oili ikiwa nzuri, nenda kwenye raba zinazoshikilia injini na gia boksi, mafundi wanaita mauntingi. Weka mawe kwenye matairi, vuta handibreki, mtu wako akanyage breki kwa nguvu, wewe kaa pembeni sio mbele ya gari, boneti wazi, yeye atoe N kwenda D halafu R. Injini inatakiwa isogee kidogo tu. Yangu iliruka juu ikarudi na mlio wa "dung", nikamulika tochi nikaiona raba imechanika katikati kama soli ya kandambili. Lile ndio lilikuwa teke lenyewe, gia boksi haikuwa na kosa lolote.

Sailensa nayo cheki, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta, ikiwa juu, tuseme 1,200 kwa dakika (rpm) wakati gari imeshapata moto, lazima ishtuke ukiingiza D. Safisha throto bodi (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini), tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Misi za plagi, yaani injini kukatakata kwa sababu plagi haichomi vizuri, pia zinafanana na gia mbovu.

Ndio sasa upeleke kwenye mashine ya kupima, hasa kama taa ya O/D OFF kwenye dashibodi inapepesa yenyewe. Mashine itatoa kodi za makosa: P0705 ni swichi ya leva, P0715 ni sensa ya spidi, P0750 ni solenoidi (vali ya umeme inayoongoza oili ya kubadili gia). Kabla ya kununua solenoidi cheki waya na soketi yake, vumbi na maji ya masika ya huku vinaingia.

Kama oili imeungua, gari inateleza, injini inalia mwendo hauongezeki, na sumaku imejaa vipande, hapo ndugu yangu kubali ishushwe. Vinginevyo ukimaliza nenda mpaka Kidahwe na kurudi, pima tena dipstiki ikiwa ya moto, na laza kadibodi chini ya gari usiku uone asubuhi kama kuna tone.