Chunjua ya unyayo: lainisha kwanza ndo upake dawa

Jamani wenye chunjua chini ya mguu, ile dawa ya asidi ya salisiliki ya kemisti msiipake juu ya ngozi kavu, loweka mguu maji ya vuguvugu dakika 5 mpaka 10, sugua ile ngozi nyeupe iliyokufa, kausha, ndo upake na ubandike plasta. Manake kirusi chenyewe kiko chini ya ngozi ngumu na dawa haipenyi mpaka hiyo ipungue. Ni kila siku, yaweza kufika wiki 12, wengi huacha mapema halafu wasema dawa feki. Lakini hakikisha si sugu tu: chunjua mara nyingi ina vidoadoa vyeusi na yauma ukiibana pembeni, sugu yauma ukiibonyeza kati. Jiwe la kusugulia liwe lako peke yako jamani, na pale pa kutilia udhu msikitini vaa champali. Mwenye sukari au ganzi ya miguu asijaribu kabisa, aende kwa daktari. Pakichubuka, simamisha dawa mpaka papone.