Umefanyiwa upasuaji wa ngiri: namna ya kujiuguza tangu siku ya kwanza hadi unaporudi kazini

Swali ninaloulizwa zaidi kliniki na watu waliotoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri ni hili: "Nilale muda gani?" Mimi ni muuguzi wa upasuaji, na jibu langu huwaacha wengi wameshangaa. Usilale. Pumzika ukichoka, lakini kulala hakuponyi ngiri. Kinachousumbua mshono ni shinikizo la ghafla ndani ya tumbo, na shinikizo hilo hupanda sana mtu anapokohoa, anapojikamua chooni au anapoinuka kitandani kwa kujikurupua. Kutembea taratibu hakufikii hata kidogo. Wapo wanaojilaza wiki nzima kwa kuulinda mshono, choo kinafunga kwa sababu ya huko huko kulala, kisha wanakwenda kujikamua mpaka jasho linawatoka.

Ninayoyaeleza hapa yanamhusu mtu mzima aliyefanyiwa upasuaji uliopangwa wa ngiri ya kinena au ya kitovu. Ikiwa utumbo ulibanwa ukakosa damu na ikabidi ukatwe, au ikiwa umerekebishiwa ngiri kubwa iliyotokea kwenye kovu la upasuaji wa zamani, ratiba yako ni ndefu zaidi na daktari wako ndiye wa kukupangia.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka wodini, uliza na uandike

Uliza mambo matatu. Je, umewekewa wavu? Umepasuliwa kwa njia ya wazi au kwa matundu na kamera? Nyuzi zako zinayeyuka zenyewe au zinatolewa? Majibu haya yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, maana miaka mitano baadaye, daktari mwingine akitaka kujua, hutakumbuka.

Kuhusu wavu, watu huogopa bila sababu. Ni kitambaa chembamba cha plastiki kinacholazwa juu au nyuma ya sehemu dhaifu ya ukuta wa tumbo. Nyama za mwili huota kupitia matundu yake, na baada ya wiki kadhaa wavu na mwili huwa kitu kimoja. Zamani misuli ilivutwa kwa nguvu na kushonwa pamoja. Kuanzia miaka ya 1980, njia ya Irving Lichtenstein, daktari wa Marekani, ya kuweka wavu bila kuvuta misuli ilienea, na ngiri kurudi kukapungua sana.

Jambo la mwisho kabla ya kutoka: kojoa. Ganzi ya mgongoni inaweza kukifanya kibofu kisinzie, na wanaume wenye tezi dume kubwa ndio hukwama zaidi. Ukipita saa 6 hadi 8 hujapata mkojo na kibofu kimejaa, mwambie muuguzi au rudi hospitali. Usisubiri asubuhi. Kama ulipewa nusu kaputi, kaa na mtu mzima mwenzako kwa saa 24, na ndani ya saa hizo usiendeshe gari wala usitie saini hati yoyote ya maana.

Hatua ya 2: Jifunze kuinuka kitandani upya

Hili ni dogo, lakini ndilo linalopunguza maumivu kuliko lolote ninalowafundisha. Usiinuke kwa kukaza tumbo kama mtu anayefanya mazoezi. Kunja magoti yote mawili, nyayo zikiwa kitandani. Geuka ubavu, mabega na nyonga vigeuke kwa pamoja. Teremsha miguu nje ya kitanda, na wakati huo huo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu. Uzito wa miguu unakuinua kiwiliwili. Kaa kidogo ukingoni, pumua, kizunguzungu kiishe, ndipo usimame. Ukirudi kulala, fanya hivyo hivyo kinyumenyume.

Kikohozi na chafya zikija, bonyeza mto mdogo au kiganja juu ya kidonda, inama mbele kidogo, kisha kohoa. Utasikia kama nyuzi zinakatika. Hazikatiki.

Anza kutembea siku hiyo hiyo ya upasuaji, hata kama ni kwenda chooni na kurudi. Kesho yake, mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache. Ngazi ni ruhusa, ukipanda polepole. Kutembea kunaamsha utumbo na kuzuia damu kuganda miguuni. Mwanzoni mwa karne iliyopita wagonjwa wa ngiri walilazwa kitandani kwa wiki kadhaa. Huko Kanada, daktari Edward Earle Shouldice alikuwa akiwatembeza wa kwake mapema tangu miaka ya 1940, na mishono haikuachia kwa sababu hiyo.

Hatua ya 3: Dawa za maumivu zifuate saa

Siku ya pili na ya tatu mara nyingi ndizo kali kuliko ya kwanza, kwa sababu ganzi iliyodungwa kwenye kidonda imekwisha. Mtu anayengoja maumivu yampate ndipo ameze dawa hukimbizana nayo siku nzima. Siku 3 za mwanzo, meza kwa ratiba. Kwa mtu mzima wa kawaida, parasetamoli ni gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 au ugonjwa wa ini apangiwe kipimo kidogo zaidi. Angalia pia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Ibuprofeni husaidia sana ikiunganishwa na parasetamoli, ila si ya kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiiguse bila kumuuliza daktari. Dawa kali za jamii ya morfini, kama umepewa, zitumie siku chache tu. Zinafunga choo, na hapo ndipo tabu nyingine inapoanzia.

Hatua ya 4: Choo kisikukamate

Kupitisha siku 2 hadi 4 bila choo kikubwa baada ya upasuaji ni kawaida. Usikae tu ukingoja. Kunywa maji ya kutosha, kula matunda, mboga na nafaka zisizokobolewa, na ukiwa unatumia dawa kali za maumivu omba dawa ya kulainisha choo mapema, kabla ya kukwama. Chooni, kama unakaa, weka miguu juu ya kigoda magoti yapite nyonga, inama mbele viwiko vikiwa mapajani, na uachie pumzi kwa mdomo wazi badala ya kuizuia. Kama hakitoki, inuka. Rudi baadaye.

Hatua ya 5: Kidonda

Kiweke kikavu kwa saa 48. Baada ya hapo, kama umeruhusiwa, oga kwa maji yanayotiririka na ukaushe kwa kugusagusa taulo safi, bila kusugua. Usijitumbukize kwenye maji ya beseni, bwawa au bahari kwa wiki 2 hivi. Usipake kitu chochote ambacho hukuelekezwa. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14.

Vitabu vingi husema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tumia mgongo wa mkono: linganisha joto la pembeni mwa kidonda na la upande wa pili wa tumbo. Joto linaloongezeka, ngozi iliyokakamaa na kung'aa, maumivu yanayozidi siku baada ya siku badala ya kupungua, usaha au harufu mbaya ni sababu za kurudi kliniki siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Uvimbe, na hofu kwamba ngiri imerudi

Hapa ndipo simu nyingi zinapopigwa. Mtu anajipapasa siku ya tano, anakuta kinundu pale pale ilipokuwa ngiri, na moyo unamwenda mbio.

Mara nyingi ni maji. Ngiri ilipokuwa imejaa, ilitengeneza nafasi. Ikishaondolewa, nafasi hiyo hujazwa na maji ya mwili. Kadiri ngiri ilivyokuwa kubwa, hasa iliyokuwa imeshuka hadi kwenye mfuko wa korodani, ndivyo maji yanavyokuwa mengi. Jipime hivi: lala chali, kisha simama, kisha kohoa kidogo huku vidole viwili viko juu ya uvimbe. Uvimbe wa maji haupotei ukilala wala hausukumi vidole ukikohoa. Ngiri kwa kawaida huingia ukilala na hugonga vidole ukikohoa. Maji hayo hunyonywa na mwili wenyewe kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Usikubali mtu ayafyonze kwa sindano bila sababu ya maana, kwa sababu sindano inaweza kupeleka vijidudu kwenye wavu, na wavu ukishaingia usaha ni kazi kubwa.

Chini ya kovu lenyewe utasikia ukingo mgumu kama kamba. Huo ni mwili unaojijenga, na hulainika taratibu.

Wanaume wa ngiri ya kinena wajiandae kwa jambo moja ambalo ni afadhali walisikie mapema: kati ya siku ya 2 na ya 4, mfuko wa korodani na hata uume unaweza kugeuka rangi ya zambarau au mweusi na kuvimba. Ni damu iliyoteremka kwa mvuto. Vaa chupi ya kubana, na ukilala weka taulo iliyokunjwa chini ya korodani kuziinua. Itapita. Lakini korodani yenyewe ikiuma vikali na kuvimba, nenda hospitali.

Ganzi kwenye ngozi chini ya kovu au juu ya paja pia ni ya kawaida. Sehemu yake hupungua kwa miezi, kipande kidogo huenda kikabaki. Na kama ulipasuliwa kwa matundu, maumivu ya bega ya siku mbili tatu yanatokana na gesi iliyojazwa tumboni.

Yafuatayo hayasubiri miadi: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika pamoja na tumbo kujaa na kutopitisha hata ushuzi, damu inayolowesha bandeji tena na tena, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye kigimbi, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, na uvimbe mgumu unaouma ambao hauingii ndani.

Hatua ya 7: Kurudi kazini na kubeba vitu

Mwongozo wa kimataifa wa ngiri ya kinena uliochapishwa mwaka 2018 unashauri mgonjwa arejee kwenye shughuli zake za kawaida mara tu anapojisikia kuziweza. Kwa kazi ya mezani, wengi huwa tayari ndani ya wiki 1 hadi 2. Kwa kazi ya kubeba, kuchimba au kusukuma, madaktari wengi bado husema wiki 4 hadi 6, nami naona ni busara, hasa kwa ngiri kubwa. Kipimo chako ni hiki: inua, na ikiuma, weka chini. Ongeza uzito taratibu wiki hadi wiki, pumua nje wakati wa kuinua.

Kuendesha gari: kaa kwenye gari lililozimwa, kanyaga breki ghafla kwa nguvu zote. Kama ulisita kwa maumivu, bado hujawa tayari. Tendo la ndoa halina tarehe maalumu. Wengi huliweza baada ya wiki 2 hivi, kwa mkao usiobana kinena.

Wakati huo huo tibu kilichosababisha shinikizo. Kikohozi kisichoisha, tezi dume inayokulazimisha kujikamua ukikojoa, uzito uliozidi na sigara, vyote vinaongeza uwezekano wa ngiri kurudi au kutokea upande wa pili, hata mshono uwe mzuri namna gani.

Hatua ya 8: Maumivu yakipita miezi 3

Kuvutwa kidogo ukiinama au hali ya hewa ikibadilika hakupaswi kukutisha. Ila mtu mmoja hivi kati ya 10 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena huendelea kuwa na maumivu ya kiwango fulani baada ya miezi 3, na wachache miongoni mwao huzuiwa kufanya kazi. Walioingia chumba cha upasuaji tayari wana maumivu makali wako hatarini zaidi. Usiambiwe tu "vumilia". Rudi ukiwa na maelezo: yanachoma au yanavuta, yanashuka wapi, yanaamshwa na nini. Maumivu ya kuchoma kama umeme yanayoshuka pajani au kwenye korodani huelekeza kwenye mshipa wa fahamu ulionaswa, na hayo hutibiwa kwa dawa za neva au sindano ya ganzi inayodungwa karibu na mshipa husika. Daktari pia atapima kwa mkono na pengine ultrasaundi kuhakikisha ngiri haijarudi. Kurudi kwenye upasuaji kuukata mshipa au kuutoa wavu kupo, lakini huachiwa mwisho kabisa, na kufanywe na daktari mzoefu wa kazi hiyo.