Paka atoke, lakini Magharibi awe ndani

Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kumfungia paka siku nzima ni kazi bure. Mlango ukiachwa wazi kidogo tu, keshafika barazani kwa jirani. Cha kumnyima ni usiku, maana ndipo madume hupigana. Jeraha la jino la paka ni tundu dogo linaloziba haraka juu, usaha ukabaki chini ya ngozi. Baada ya siku mbili tatu unaona uvimbe wa moto na hataki kula.

Mzoeshe hivi: asubuhi mpe chakula kidogo, kile kikubwa kiwe kabla ya adhana ya Magharibi, saa ile ile kila siku. Gonga sahani kwa kijiko, akishaingia funga. Dagaa wachemshe bila chumvi. Akishiba mapema kwa mabaki ya jirani hatorudi, kwa hiyo zungumza na jirani kwanza.

Umehamia nyumba mpya? Akae ndani wiki 3 kamili, la sivyo atarudi mtaa wa zamani.

Kabla ya yote, achanjwe kichaa cha mbwa akifika wiki 12, arudiwe baada ya mwaka. Ahasiwe pia kwenye miezi 5. Jike hushika mimba mapema kuliko watu wanavyodhani.

Ukanda wa shingo uwe wa kufunguka ukivutwa, vidole 2 vipite chini yake. Na dawa ya kupe ya mbwa usimpake kabisa: nyingi zina pemethrini (permethrin), sumu ya wadudu, na hiyo humuua paka.