Maua ya Februari chini ya miti, kwa mlioko Uingereza

Kama una nyumba yenye miti mikubwa nyuma, usikate tamaa eti kivuli kimezidi. Toka nje Februari uangalie: mwaloni ama mtufaha umepukutisha majani yote, jua linafika hadi chini, na kuna maua yanayoishi kwa kuwahi huo muda tu, yanachomoza, yanachanua, yanajiwekea chakula kwenye kitunguu chake (lile tunguu la chini ya ardhi, si la kupikia) halafu yanajificha ardhini kabla majani ya juu hayajafunga. Chini ya misonobari sasa, hapo sahau, giza mwaka mzima.

Anza na snodropu, yale maua madogo meupe, kwenye lebo utaona Galanthus nivalis. Wengi wananunua vitunguu vikavu Septemba, vimekaa kwenye pakiti hadi vimenywea, alafu vikigoma kuota wanalaumu udongo! Hivi vitu havipendi kukauka. Subiri mwisho wa Februari au Machi, tafuta vilivyong'olewa na majani yake mabichi, panda siku hiyohiyo. Ukikishika kimoja utaona bua lina sehemu nyeupe kisha linaanza ukijani, basi hapo ndo usawa wa udongo ulipokuwa, fukia mpaka hapo. Ukikutana na mzizi mnene wa mti usiukate, hamisha shimo.

Mbolea? Majani yaleyale yaliyodondoka. Yajaze kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa, yakiwa na unyevu, uyasahau mwaka mmoja au miwili, yatakuwa mboji nyeusi laini, tandaza juu.

Ukitaka njano ongeza Eranthis, vile viazi vyake vikavu loweka usiku kucha kwanza. Helebori nayo inavumilia kivuli vizuri sana, we kata tu majani ya zamani Januari ili maua yaonekane na yale madoa meusi ya ugonjwa yasihamie kwenye majani mapya, na vaa glavu maana utomvu wake unawasha. Yote haya matatu ni sumu, watoto wasidhani ni vitunguu vya kupikia.

Yakimaliza kuchanua majani yaache yawe manjano yenyewe, ukiyafyeka mapema mwakani hupati ua.

Na ukipita msituni Aprili ukaona blubeli zimetanda buluu, tamaa ikikushika jizuie, kung'oa za porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 ya kulinda wanyamapori na mimea. Nunua kwa muuza miche anayeaminika, uliza Hyacinthoides non-scripta, ndiyo blubeli ya asili ya Uingereza, maana blubeli ya Kihispania ikishaingia bustanini kuitoa ni kazi kwelikweli.