Jinsi ya kuangalia Bohemian Rhapsody bila kupigwa changa la macho

Kila muvi hii ya 2018, ya maisha ya Freddie Mercury mwimbaji wa bendi ya Queen, ikitajwa huku kwetu lazima atokee mtu aseme "Freddie Mercury si ndo yule wa Zenji". Ndiyo, ni wa Zenji kweli, kazaliwa Unguja Septemba 5, 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi Waparsi, mzee wake alikuwa keshia serikalini enzi za mkoloni, na baada ya mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, pembeni ya London. Ila kama unaingia ukitegemea kuuona Mji Mkongwe utasubiri sana, Zanzibar inapita mezani tu kwenye maongezi ya familia halafu bas, safari ya London inaendelea. Stori yenyewe inaanzia 1970 dogo anabeba mabegi uwanja wa ndege wa Heathrow.

Sasa ni muvi tamu, sibishi, na Rami Malek, anayemuigiza Freddie, Oscar yake kaitolea jasho. Shida ni kwamba watu wengi wanatoka pale wanahadithia kama historia wakati nusu ya huo "kupanda na kushuka" kumepangwa mezani na mwandishi. Kwa hiyo mimi nakushauri uiangalie mara mbili.

Mara ya kwanza we angalia tu. Ina saa mbili na dakika 14, tafuta spika ya maana au hedfoni nzuri, kwenye spika ya simu utapoteza nusu ya raha. Na tafadhali usichukue ile iliyotafsiriwa na DJ, mi nazipenda sana muvi za kutafsiriwa lakini hii ya muziki mtu akianza kuongea juu ya piano imekwisha hiyo. Sauti ya kuimba unayoisikia humo ni mchanganyiko, kuna sauti ya Freddie mwenyewe kutoka kwenye rekodi, kuna ya Malek, na kuna ya jamaa anaitwa Marc Martel ambaye anafanana naye kuimba mpaka inatisha. Jingine, kama unaangalia na wakwe au watoto ujue mapema kwamba mambo ya Freddie na wanaume yamo, japo wameyagusa juu juu. Mara ya kwanza usibishane na kitu, lia pale pa kulia, piga makofi.

Mara ya pili ndo unakaa na karatasi na miaka, na kabla ya yote jiulize nani kaisimamia hii stori. Brian May na Roger Taylor, gitaa na drams wa Queen, walikuwa washauri wa muvi na wakasimamia muziki wake, na Jim Beach, meneja wao wa miaka na miaka, ni mmoja wa maprodyuza. Ukishajua hilo macho yanafunguka yenyewe. Angalia nani anaenda kulala mapema, nani anamwonya Freddie kwa upole, nani ana mke mzuri nyumbani, halafu angalia nani kabebeshwa uchafu wote. Kabebeshwa Paul Prenter, meneja binafsi wa Freddie, na huyo alifariki 1991, asingeweza kujitetea. Simsafishi, maana kweli aliuza siri za Freddie kwa magazeti, ila kwenye muvi kageuzwa shetani mmoja anayeeleza kila kitu, na muvi ikipata shetani mmoja wengine wote wanakuwa malaika.

Tuje kwenye kuanguka kwenyewe, maana hapa ndo wamecheza sana. Kwenye muvi Freddie anasaini dili la kufanya albamu zake peke yake, bendi inavunjika moyo kama wamesalitiwa, wanapotezana, yeye anazama kwenye pati za Munich, halafu Live Aid, lile tamasha la michango uwanja wa Wembley London, inakuja wanarudiana baada ya muda mrefu bila kupiga pamoja. Chukua karatasi yako. Roger Taylor alishatoa albamu yake binafsi 1981, akatoa nyingine 1984. Brian May naye katoa ya kwake 1983. Ya Freddie, Mr. Bad Guy, imetoka April 1985, yaani yeye ndo alichelewa! Na Queen hawakuvunjika, 1984 wametoa The Works wakazunguka nayo mpaka Mei 1985 wakiwa Japan, na Live Aid ni Julai 13, 1985. Miezi miwili. Bendi ilikuwa ya moto kabisa, ndo maana walipiga vile.

Kubwa zaidi ni ugonjwa. Muvi inaonesha Freddie akiwaambia wenzie kwamba ana UKIMWI wakiwa kwenye mazoezi ya Live Aid, na pale ukumbi mzima unalia, ila wanaoandika maisha yake wengi wanaweka majibu ya vipimo 1987, miaka miwili baadaye. Kwa nini wausogeze? Kwa sababu walishaamua muvi iishie Wembley, na ili mtu apae inabidi kwanza umchimbie shimo, sasa shimo kwenye maisha halisi halikuwepo pale wanapolitaka, bas wakalivuta. Ukielewa huu ujanja utauona kwenye muvi zote za wanamuziki, tafuta tu lile shimo limekaa dakika ya ngapi halafu kalinganishe na kalenda.

Kuna makosa mengine ya kuchekesha tu, haya usiyakasirikie. Angalia masharubu, wanatunga We Will Rock You muvi inakwambia ni 1980 na Freddie ana masharubu, wakati wimbo ni wa 1977. Kwenye ziara yao ya mwanzo Marekani wanapiga Fat Bottomed Girls, wimbo ambao umetoka 1978. Yule bosi wa lebo anayeukataa wimbo wa Bohemian Rhapsody kwa urefu (dakika 5 na sekunde 55, na mwaka 1975 redio zilikuwa hazina muda huo) ni mtu wa kutungwa, na anayemuigiza ni Mike Myers, ambaye 1992 alifanya muvi ya vichekesho ambamo yeye na washkaji wanautingishia vichwa wimbo huohuo ndani ya gari. Ndo maana kapewa ile kauli kwamba hakuna kijana atakayeutingishia kichwa kwenye gari. Hiyo wamenipata, nimecheka.

Ukifika Live Aid simamisha. Fungua video ya shoo yenyewe YouTube, weka pembeni, kama una skrini mbili ndo raha yenyewe. Jukwaa walilijenga upya kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Bovingdon, mpaka vikombe vya Pepsi juu ya piano wameviweka, na Malek kashika kila mkunjo wa mkono. Halafu linganisha orodha ya nyimbo, siku ile walipiga nyimbo sita kwa dakika kama ishirini hivi, kwenye muvi ya sinema Crazy Little Thing Called Love na We Will Rock You hazimo. Tena muvi inataka uamini simu za michango zilikuwa kimya mpaka Queen walipopanda, hiyo achana nayo, ile michango ilikuwa ya njaa ya Ethiopia na watu walikuwa wanatoa siku nzima.

Kinachoniuma mimi ni kwamba muvi inazima taa palepale na yaliyobaki yanapita kwa maandishi. Sasa yaliyobaki ndo mwanaume mwenyewe. Kapiga shoo ya mwisho na Queen Knebworth, Agosti 1986, akaenda kuimba wimbo wa Barcelona na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera, halafu akiwa anaumwa kabisa karekodi mpaka albamu ya Innuendo ya 1991, akatangaza ugonjwa wake Novemba 23 na kesho yake akafariki. Huo si uangukaji, na labda ndo maana muvi haikujua iuweke wapi. Kwa hiyo ukimaliza kuangalia sikiliza Innuendo yote, usiruke. Na ukiwa Unguja kuna makumbusho yake Shangani tangu 2019, hiyo inaziba kidogo lile pengo la Zanzibar.

Kama umependa mchezo huu wa karatasi, inayofuata angalia Rocketman ya 2019, ya Elton John. Dairekta ni Dexter Fletcher, huyohuyo aliyekuja kumalizia Bohemian Rhapsody baada ya Bryan Singer kufukuzwa. Mtafute John Reid, meneja ambaye kafanya kazi na Queen na pia Elton, yumo kwenye muvi zote mbili. Kwenye ya Queen ni bosi mstaarabu aliyeonewa, kwenye ya Elton ni nyoka. Na Elton mwenyewe ni prodyuza mtendaji wa hiyo ya kwake.