Kabla hujatuma "ada ya kazi" ya mtandaoni

Mimi ni wakala wa pesa za simu, Mbagala Rangi Tatu. Siku hizi vijana wengi wanakuja kibandani kuweka hela ili "wafungue akaunti ya kazi". Kazi yenyewe wataifanyia nyumbani: kulike video, kuzipa hoteli nyota. Nikimwona mtu anasoma maelekezo ya WhatsApp huku ananihesabia noti, namuuliza: mdogo wangu, wao wanakulipa wewe, au wewe unawalipa wao?

Mwajiri hatozi. Ada ya usajili, ya mafunzo, ya kompyuta utakayotumiwa kwa basi, yote ni hela yako inaondoka.

La pili, soma jina. Ukituma mwenyewe, simu inakuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha muamala. Wanasema kampuni iko Dubai, halafu linatokea jina la mtu binafsi, na kesho wanakupa namba nyingine yenye jina jingine. Hapo ghairi. Wakikutumia picha ya cheti cha BRELA, wale wanaosajili kampuni, usiishie kwenye picha. Ingia tovuti ya BRELA ulitafute jina mwenyewe. Hata ukilikuta, maana yake kampuni imesajiliwa, basi. Haina maana kwamba aliyekuandikia anatoka huko.

Kinachowanasa wengi ni malipo ya mwanzo. Unalike video tatu, inaingia elfu tano kweli. Unahamishiwa kundi la Telegram ambako kila dakika mtu anarusha picha ya muamala na kushukuru. Wengi wa hao wanaoshukuru ni matapeli wenzao. Kisha inakuja kazi ya kuweka elfu hamsini urudishiwe sitini na tano. Inarudi. Ya laki tatu hairudi: utaambiwa umekosea hatua, ongeza laki mbili ufungue salio, halafu kuna kodi ya kutolea. Salio unaloliona kwenye ukurasa wao ni tarakimu walizoziandika wao. Kipimo changu ni hiki: omba kutoa hela yote leo, bila kuongeza hata mia. Wakikataa, umeshajibiwa.

LBL (Leo Beneath London) mnaikumbuka, mwanzoni mwa 2025. Watu waliweka hela ili walipwe kwa kutazama matangazo ya filamu, mpaka polisi wakaanza kukamata wahusika mikoani.

Kuna nyingine mbaya zaidi, kwa maoni yangu. Wanakwambia kazi yako ni kupokea hela kwenye laini yako, ukate kamisheni, uisogeze mbele. Hiyo ni hela ya mtu aliyeibiwa, na laini ina jina lako na namba yako ya NIDA. Polisi wataanza na wewe. Kama ulishawapa picha ya kitambulisho au alama ya kidole, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lako.

Ukiwa umeshatuma, usibaki kubishana nao kwenye chati. Piga 100 ya mtandao wako saa hiyo hiyo, uwasomee namba ya muamala, waombe wauzuie kabla tapeli hajaitoa hela. Usifute ujumbe wala namba, polisi watavihitaji. Kama walikutumia SMS, ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli, pamoja na namba iliyoituma. Na baada ya siku chache akitokea "wakili" wa kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, mara nyingi ni wale wale.