Kabla ya kudai au kudaiwa mahakamani Kenya: tarehe, karatasi na dalali

Kabla ya jambo lolote, hesabu miaka. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Kesi, Sura ya 22, deni la mkataba, uwe wa maandishi au wa mdomo, lina miaka 6 kuanzia siku lilipopaswa kulipwa. Ikipita, mdaiwa anaweza kuomba kesi itupwe hata kama kila mtu anajua anadaiwa. Lakini hesabu hiyo ya miaka huanza upya mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye saini yake, au akilipa sehemu yake. Ndiyo maana mdai mwerevu huomba alipwe japo shilingi 500 za deni na kuhifadhi ujumbe wa malipo, na mdaiwa mwerevu hasaini barua asiyoielewa.

Kisha zitazame karatasi kwa jicho la mtu asiyekujua. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba pesa zilitoka kwako zikaenda kwake, basi. Hausemi kama zilikuwa mkopo, zawadi au malipo ya mahindi aliyokuuzia, na utetezi wa kwanza utakaousikia ni huo hasa. Kinachoziba pengo ni ujumbe mlioandikiana siku ile: alivyoomba, ulivyokubali, mliafikiana alipe lini. Picha za mazungumzo zisikatwe. Namba ya simu na tarehe zionekane, na ujumbe wa juu na wa chini ubaki. Uziambatishe na cheti cha ushahidi wa kielektroniki kinachotajwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichosainiwa na aliyezitoa kwenye simu na kuzichapisha. Mahakama ya Madai Madogo haibanwi sana na kanuni za ushahidi, ila cheti hicho kinakuepusha na ubishi usio na maana.

Mdhamini naye ana sharti lake. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mikataba hakiruhusu kumshtaki mtu kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iwe imeandikwa na yeye mwenyewe, au wakala wake, ametia saini. "Asipolipa nitalipa mimi", ikisemwa mbele ya wazee kumi, haitoshi.

Hakikisha pia unamshtaki anayehusika. Ikiwa ulisambaza bidhaa kwa kampuni yenye dhima ya kikomo (Limited), mdaiwa ni kampuni, hata kama mkurugenzi ndiye aliyekupigia simu kila siku na kukuita ndugu. Tafuta jina kamili la usajili kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ya kuandika chochote. Hukumu dhidi ya jina lisilo sahihi huwa taabu siku ya kuitekeleza.

Barua ya madai iwe fupi: kiasi, kilitokana na nini, kilipaswa kulipwa lini, alipie wapi na apewe siku ngapi, 7 au 14 zinatosha. Usipoiandika unaweza kushinda kesi na bado ukanyimwa gharama. Usimtishe kwa polisi. Kushindwa kulipa deni si jinai. Kupata mali kwa ulaghai au kutoa hundi isiyo na pesa ni mambo mengine, na yana vifungu vyake katika Kanuni ya Adhabu.

Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 linaingia Mahakama ya Madai Madogo, ambako wakili si lazima na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Mizozo ya ardhi, ya ajira na ya kuchafuliana jina haipokelewi huko. Usikate deni moja vipande viwili ili upite chini ya kiwango. Afadhali uache kiasi kinachozidi. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria pekee, kwa hiyo risiti uliyoisahau nyumbani huenda isipate nafasi ya pili.

Kabla ya kulipa ada, jiulize mali yake iko wapi. Je, ana gari, akaunti, mwajiri, au kuna mtu anayemdai yeye? Hukumu hudumu miaka 12, lakini dalali, anayekamata na kuuza mali kwa amri ya mahakama, hawezi kukamata kisichokuwepo, na gharama zake zikikosa mdaiwa wa kuzilipa zitakurudia wewe.

Kwa mdaiwa, kosa kubwa kuliko yote ni kuuficha wito wa mahakama kwenye droo. Usipojibu, mdai huomba hukumu bila wewe kusikilizwa, na kuiondoa baadaye ni kazi ya maombi, viapo na ada. Kama ulilipa sehemu, au bidhaa zilikuwa mbovu, liseme hilo kwenye jibu lako na uweke dai lako la kukabili, yaani dai lako dhidi ya mdai.

Dalali akifika, omba kuona hati ya mahakama na leseni yake. Kwa mali inayohamishika, kwanza huorodhesha na kukadiria thamani, halafu hukupa siku 7 za kulipa kabla ya kuichukua. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mashauri ya Madai kinakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, pamoja na vifaa vya kazi vinavyokupatia riziki. Friji la mkeo likiorodheshwa, yeye ndiye anayewasilisha pingamizi mahakamani, akiwa na risiti yenye jina lake. Fanyeni hivyo ndani ya siku hizo 7, si baada ya mnada.

Riba ya deni la benki ina kikomo chake. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba kuzidi salio la mkopo lililokuwepo ulipogeuka kuwa mkopo usiolipika. Salio likiwa 300,000 siku hiyo, benki haiwezi kudai zaidi ya 600,000, ukiacha gharama za ufuatiliaji. Wengi hulipa zaidi kwa sababu tu hawakuomba taarifa ya mkopo ya tarehe hiyo. Kwa mikopo ya simu nako, kanuni za Benki Kuu za 2022 haziruhusu wakopeshaji kutumia vitisho, matusi wala kuwapigia watu walio kwenye orodha yako ya namba. Ukitumiwa ujumbe wa aina hiyo, upige picha kabla haujafutwa na uupeleke Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukiwa na hukumu na pesa hazipo, usingoje kuitwa ueleze kwa nini usifungwe jela ya madai, ambayo haizidi miezi 6 na haifuti deni. Omba kulipa kwa awamu chini ya Agizo la 21, kanuni ya 12, la Kanuni za Mashauri ya Madai. Mahakama inaweza kukubali hata mdai akikataa, mradi uonyeshe sababu. Peleka hati ya mshahara, taarifa ya benki ya miezi kadhaa na risiti za karo na kodi ya nyumba, na utaje kiasi unachoweza kukilipa kila mwezi bila kukosa. Utakaporuka awamu moja, mdai ana sababu ya kurudi kwa dalali kudai salio lote.